Damu ya Zizi Letu

Daktari alisema ni bahati mbaya. Alisema huku anaandika, hata macho hakuinua, kama mtu anayekuambia mvua za mwaka huu zimechelewa. Binti yangu wa miaka kumi na moja alikuwa amekaa karibu nami, miguu inaning'inia kwenye benchi, anamenya karanga, na huyu bwana anasema kipimo kimeonyesha ana virusi vya homa ya ini, ile aina B, na kwamba kwa mtoto anayeongezewa damu kila mwezi mambo haya hutokea. Bahati mbaya.

"Bahati mbaya ni kujikwaa," nikamwambia. "Huyu hakujikwaa. Kuna mtu amemwekea. Nataka kujua ni nani."

Akaweka kalamu chini, akanieleza taratibu, kwa sauti ile wanayotumia kwa wazazi wakorofi. Mwanangu ana talasemia. Mwili wake hautengenezi damu ya kudumu, kwa hiyo tangu akiwa na miaka mitatu anaishi kwa damu za watu wengine. Kila mfuko unaoingia unamwachia madini ya chuma, na chuma hicho kinajikusanya kwenye ini. Sasa juu ya ini hilo lililochoka vimepanda virusi. Akimeza dawa kila siku na kupimwa kila baada ya miezi michache, anaweza kukua, akasoma, akazaa, akazeeka. Tukizembea, ini litakakamaa angali msichana.

"Na chanjo?" akauliza.

Nikatoa kadi ya kliniki. Nafasi moja ya chanjo imejazwa, mbili ziko tupu. Mwaka aliozaliwa ulikuwa wa ukame, ng'ombe wa baba yake walishushwa Yaeda Chini kutafuta majani, nami nilikuwa likizo ya uzazi, nikaenda nao na mtoto mgongoni. Kliniki ikabaki huku. Tuliporudi nilishukuru kuona ng'ombe wamepona, nikasahau zile nafasi mbili. Nilimnyang'anya daktari ile kadi kabla hajafungua mdomo.

"Miaka minane mnamtia damu," nikamwambia, "na mwenyewe ndiyo kwanza mmempima leo?"

"Huwa tunapima damu inayoingia, mwalimu. Mgonjwa mwenyewe tulipaswa kumpima pia. Hilo nakubali."

Alikubali! Wakati huo nilitamani abishe, ili nipate pa kumshikia. Akaniambia watu wote wa nyumbani wapimwe, na waliowahi kumchangia damu pia, kama tunawakumbuka.

Tulipimwa siku ileile, mimi na baba yake. Wote wazima. Kwa hiyo hakuvipata tumboni mwangu. Nilitoka pale nina kazi moja tu duniani, kumtafuta aliyemharibia mwanangu ini na kumwambia usoni.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Getanuwas, na wanafunzi wangu husema shule yetu haina haja ya kengele. Ni kweli. Mdomo wangu hauna breki, tangu utoto. Baba yangu alikuwa mfugaji na alikuwa akisema huyu mtoto angefaa kuchunga ng'ombe wa mbali, maana wangemsikia kutoka Dirma. Nimeishi kwa kelele zangu. Nilipigia kelele watu mpaka nikapelekwa sekondari, nikapigia kelele halmashauri mpaka madarasa yakaezekwa. Kwa hiyo mtoto wangu alipoanza kuumwa, nilijua silaha yangu ni ipi.

Kuna hadithi moja nimeisimulia miaka saba kwa kujisifu, msibani, harusini, kwenye chumba cha walimu. Acha niisimulie hapa pia, kama nilivyokuwa nikiisimulia.

Mtoto alikuwa na miaka minne. Ilikuwa masika, barabara imekatika, na hatukuweza kufika hospitali kubwa tunakokwenda siku zote. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya majivu, viganja vyeupe, anapumua kwa mabega. Tukamkimbiza hospitali ndogo ya karibu. Mtaalamu wa maabara wa pale, mwanamume wa makamo aliyevaa sweta la kijani, akampima, akasema kuna mfuko mmoja wa damu unaolingana naye, umeletwa kutoka benki ya damu.

"Ya nani?" nikamuuliza.

"Haijulikani ya nani, mwalimu. Lakini imepimwa kila kitu, kibandiko hiki hapa."

Sasa lazima uelewe tulivyolelewa. Kwetu damu si kitu kigeni. Mwanamke akijifungua, au mtu akiwa amedhoofu sana, ng'ombe hufungwa kamba shingoni mpaka mshipa usimame, anatobolewa kwa mshale mfupi, damu inakingwa kwenye kibuyu, inachanganywa na maziwa, mgonjwa anakunywa. Kamba inalegezwa, ng'ombe anarudi kwenye majani yake. Nimeliona jambo hilo mara nyingi. Na kila mara nilimwona baba akizunguka zizi kwanza. Anatazama macho, anatazama pua, anapapasa manyoya kama yanang'aa, anatazama hata kinyesi. Huyu hapana, huyu amekohoa juzi, yule ndiye. Wala hakuna mtu angethubutu kumnywesha mgonjwa wake damu ya ng'ombe wa zizi asilolijua. Angeonekana mwendawazimu.

Kwa hiyo mtu mwenye sweta la kijani ananiambia nimtie mwanangu damu ya haijulikani? Nilimjia juu. Damu ya mlevi? Ya muuaji? Ya mtu aliyelaaniwa na baba yake? Tulikuwa na kaka yangu pale, kaka yangu mkubwa, na pamoja naye wanaume watano wa ukoo waliomsindikiza. Nikamvuta mbele kwa mkono.

"Mtazame huyu," nikasema. "Mtazame vizuri. Macho meupe, ngozi inang'aa, hajawahi kulala hospitali hata siku moja. Anamwangusha dume kwa mikono. Huyu ndiye mjomba wake. Mtoto atatiwa damu ya zizi letu."

Mtaalamu akampima kundi, likafaa. Akampima virusi vya ukimwi, hana. Kisha akasema vitendanishi vya kupimia homa ya ini vimeisha, ameagiza, havijaja. "Tusubiri, au tutumie huu mfuko wa benki. Nakuomba, mwalimu."

Subiri! Mtoto anapumua kwa mabega, mtu anasema subiri. Nilipiga kelele mpaka wagonjwa wa wodini wakatoka nje. Nikamuuliza anawapima watu au anawatukana. Wale wanaume watano wakasimama mlangoni na fimbo zao. Akaja mganga mfawidhi, akawatazama, akanitazama, akasaini. Damu ya kaka yangu ikaingia kwa mwanangu, na ilipofika jioni midomo ilikuwa imerudi rangi, anaomba uji. Kaka alifurahi mpaka akampa mtamba palepale, kwa maneno, na wiki iliyofuata akamleta kweli. Toka siku hiyo akimwona anamwita "damu yangu." Anamuuliza, "Damu yangu, umekula?" Na mtoto anajibu, "Nimekula, na wewe kula, isije ikakuishia."

Hapo ndipo watu walikuwa wakicheka na kusema, mwalimu, wewe ni kiboko.

Basi, baada ya kipimo nikaanza vita. Nikaenda hospitali kubwa, nikataka kumbukumbu zote. Walinipa, na kila mfuko ulikuwa umepimwa magonjwa yote, mwaka kwa mwaka. Nikawaambia wamezipika. Muuguzi mmoja akaniambia, "Mama, hebu kaa chini unywe maji." Nikamwambia akanywe yeye. Nilirudi nyumbani sauti imekauka, na bado nilikuwa sina mtu wa kumshika.

Ilibaki ile hospitali ndogo. Ajabu ni kwamba niliiweka ya mwisho. Nilikwenda siku ya Ijumaa baada ya vipindi, nimejiandaa kwa maneno kama mtu anayekwenda kupigana. Mtu wa sweta la kijani alikuwa bado yupo, nywele zimekuwa na mvi, sweta lingine. Nilianza kumshambulia nikiwa mlangoni.

Aliniacha nikaishiwa pumzi, akaenda kwenye kabati, akatoa daftari kubwa lenye jalada lililochanika, akafunua, akaligeuza upande wangu. Mstari wa kaka yangu ulikuwa pale. Kundi la damu. Ukimwi, hana. Safu ya homa ya ini ilikuwa na kistari cha kalamu nyekundu, na pembeni ameandika: vitendanishi hakuna, ndugu wamekataa damu ya benki. Chini yake saini ya mganga mfawidhi. Chini ya hiyo, saini yangu, ile ninayotia kwenye ripoti za wanafunzi, na mkia wake mrefu wa maringo.

"Nilikuomba, mwalimu," akasema.

"Wewe ndiye mtaalamu!" nikapayuka. "Ungekataa! Ungefunga mlango!"

"Ni kweli, ningekataa. Nimelifikiria hilo mara nyingi." Akaugonga ule ukurasa kwa kidole. "Nilikuwa wiki ya tatu naandika barua za kuomba vile vitendanishi. Wiki ya tatu! Tunaomba, tunaambiwa vipo njiani. Na wewe unakuja na wanaume watano. Unadhani nililala siku ile?"

Basi tulikuwa wawili wenye hasira chumba kimoja. Nikapiga picha ule ukurasa kwa simu yangu, sijui kwa nini, labda kwa mazoea ya kukusanya ushahidi. Nikatoka bila kuaga.

Jumamosi nilikwenda bomani kwa kaka, na binti yangu. Mama yangu anaishi hapo. Nilikuwa nimekwisha kumweleza juu ya ugonjwa, na nilimweleza pia maneno ya daktari, kwamba hauambukizwi kwa kula pamoja wala kwa kikombe. Tulipoketi kivulini mwa nyumba, akaleta maziwa ya mgando. Kibuyu kimoja kikazunguka kwa watu wote, kwa kaka, kwa watoto wake, kwangu. Binti yangu akaletewa kibuyu kidogo peke yake, shingoni kimefungwa uzi mwekundu.

"Huu uzi wa nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Ili kisichanganyike na vingine," mama akasema. "Tuna watoto hapa."

Mtoto wangu alikishika kile kibuyu kwa mikono miwili, hakunywa. Nikamtazama kaka nikitarajia atasema kitu. Huyu ndiye anayemwita damu yangu. Alifuta maziwa kwenye ndevu, akatazama ng'ombe.

Nikajizuia, wallahi nilijizuia. Nikamwambia kwa upole kwamba daktari anataka waliochangia damu wapimwe, na kwamba yeye hakupimwa homa ya ini siku ile, basi Jumatatu twende.

Akacheka. "Nipimwe nini? Kwani mimi naumwa?" Akajipiga kifua. "Mtu anapimwa akilala. Mimi nimelala?"

"Ugonjwa huu hauonekani kwa macho."

"Wewe ndiye uliyesema siku ile wanitazame. Wamenitazama. Ni mzima."

Ndipo moto ukanipanda kichwani. "Ni wewe!" nikapiga kelele. "Ni wewe uliyempa! Mifuko yote imepimwa isipokuwa wako! Unakunywa kibuyu kimoja na watu, mtoto uliyemwambukiza anafungiwa uzi, na wewe umekaa unatazama ng'ombe!"

Nilisema hivyo mbele ya mama yangu, mbele ya mke wake na watoto wake, mbele ya binti yangu ambaye sikuwa nimemwambia lolote juu ya daftari lile. Mama alishika mdomo. Kaka alinyanyuka nusu, akakaa tena.

Binti yangu akauvuta ule uzi mwekundu mpaka ukatoka. Hakulia. Akamfuata bibi yake, akamwekea uzi mkononi.

"Bibi, mfungie na mjomba," akasema. "Si ni damu moja?"

Tuliondoka bila kumaliza maziwa.

Jumatatu, kabla sijaenda shule, kaka alikuwa mlangoni kwangu, amevaa shuka safi na viatu vya kanisani. "Haya," akasema, "twende kwenye sindano zako." Tukaenda. Yule mtaalamu sasa vitendanishi alikuwa navyo, kisanduku kizima. Jibu lilitoka haraka kuliko chai. Anavyo.

"Lakini siumwi," kaka akamwambia, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Ndivyo vinavyofanya, mzee. Vinakaa kimya miaka mingi. Na wewe tutakuanzishia uchunguzi, na mama wa nyumbani na watoto waje."

Daktari wa hospitali kubwa alinipigia simu baadaye akasema huwezi kuapa kwa uhakika wote kwamba ni mfuko ule. Alikuwa ananihurumia tu. Mimi sikuhitaji kuapa.

Siku ya tatu baada ya hapo, kaka akaja anaswaga ng'ombe. Jike la maana, la pili kwa maziwa zizini kwake. Akamfunga kwenye mti wa uzio wangu, akasema amemwumiza mtoto wa dada yake, na kwetu mtu akiumiza hulipa, hata kama hakukusudia. Hakutaka kuingia ndani. Alisema maneno hayo akiwa amesimama, ameshika fimbo kwa mikono miwili kama mtu aliyeitwa barazani.

Na mimi nikampokea. Nilipokea ng'ombe wa kaka yangu. Nilisema, "Haya, asante," nikamletea yule jike maji. Simu ilikuwa mfukoni, na picha ya ule ukurasa ndani yake, na mkia wa saini yangu. Ningeweza kumwonyesha palepale. Nilimtazama akishuka njia bila ng'ombe wake, nikarudi kusahihisha madaftari. Jike lile lilikula majani yangu siku nne. Kila nikilisikia likitafuna nilikasirika, nikamkasirikia mama na uzi wake, serikali na vitendanishi vyake, yule bwana kwa woga wake. Nilikuwa na watu wengi wa kukasirikia, na bado ng'ombe alikuwa anatafuna.

Siku ya tano ilikuwa zamu ya damu. Hospitali kubwa, wodi ileile, kitanda cha dirishani anachokipenda. Tukiwa tunasubiri mfuko, binti yangu akaniuliza bila kunitazama.

"Mjomba alijua?"

"Hakujua."

"Sasa kama hakujua, kwa nini analipa?"

"Ndiyo desturi."

Akakunja kona ya shuka. "Na yule wa maabara alijua?"

"Alijua hajapima."

"Nani alimwambia asipime?"

Nimesimama mbele ya wakaguzi wa elimu, mbele ya wazee wa kijiji, mbele ya mkuu wa wilaya, sikuwahi kukosa neno. Pale nilikosa. Nikatoa simu, nikafungua picha, nikampa. Anasoma vizuri, nilimfundisha mwenyewe. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika chini. Akakitazama kile kimkia cha saini muda mrefu, maana anakijua, kipo kwenye ripoti zake zote.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

Nilitaka anipigie kelele. Ningejua la kufanya na kelele. Lakini akanirudishia simu, akageukia dirisha, mabega yake membamba ndani ya gauni la shule, na mimi nikakaa pale na mdomo wangu mkubwa, sina kitu ndani yake.

Muuguzi akaja na mfuko, mwekundu, baridi, kibandiko mbele. Nilikuwa na swali langu la siku zote midomoni, lile nililolizoea. Mtoto akawahi.

"Shikamoo. Imepimwa?"

"Marahaba. Imepimwa, mama."

"Nisomee."

Muuguzi akanitazama mimi, kisha akainama akamsomea kibandiko chote, ugonjwa mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja binti yangu aliitikia kwa kichwa. Alipomaliza, akanyoosha mkono wake mwenyewe. Sindano ikaingia, tone la kwanza likashuka kwenye mrija.

"Mama," akasema, macho bado yako dirishani, "ng'ombe wa mjomba mrudishe."

"Nitamrudisha."

"Leo. Na umwambie kwa nini."

"Nitamwambia."

Tone likashuka, na jingine.

"Halafu na wewe lipa wako."